Stesheni, Kituo na Makutano: Uhakiki wa Majina ya Reli ya Mjini

Katika miji mikubwa ya dunia yako majengo ambamo treni za aina mbili hukutana: zile ziwaletazo watu kazini asubuhi kutoka vitongojini na kuwarudisha jioni, na zile zipitazo chini ya ardhi katikati ya mji. Abiria hushuka katika moja, hupanda au huteremka ngazi, kisha huingia katika nyingine bila kutoka nje ya jengo. Jengo la namna hiyo halijapata jina moja lililokubaliwa katika Kiswahili. Huitwa stesheni, mara nyingine kituo, mara nyingine makutano; na mfasiri wa habari za London au Cairo hulazimika kulieleza kwa sentensi nzima kila linapotajwa.

Upungufu huo waweza kuonekana kuwa mdogo, maana katika Afrika Mashariki haijajengwa reli ya chini ya ardhi. Lakini tangu mwaka 2012 Dar es Salaam imekuwa na treni za abiria wa mjini. Tangu 2016 ina mabasi yaendayo katika njia zake yenyewe. Na tangu 2024 ina treni ya umeme iendayo Morogoro na Dodoma. Njia hizo zakaribiana katika eneo moja la mji, na maelfu ya watu hutoka katika moja na kuingia katika nyingine. Kitu kimekwisha kufika. Jina lingali linatafutwa. Makala haya yanayapima majina yaliyopo, moja baada ya jingine, ili kuona lipi lafaa kushikwa na lipi lafaa kuachwa.

Kipimo chenyewe chatoka mbali na reli. Wilaya za Mbulu na Hanang, katika Mkoa wa Manyara, hazina reli. Kwa mtu wa Katesh, njia ya chuma iliyo upande wa kusini ni tawi litokalo Manyoni hadi Singida; kwa upande wa kaskazini ni reli ya Tanga, iliyofikishwa Arusha mwaka 1929. Mtoto wa Dongobesh au wa Haydom hulisoma neno treni kitabuni miaka mingi kabla ya kuiona treni yenyewe. Tena wilaya hizo ni mahali ambapo lugha za asili mbalimbali zimekaa jirani: Kiiraqw, kilicho cha jamii ya Kikushi, Kidatooga, kilicho cha jamii ya Kinailoti, Kihadza cha bonde la Yaeda, ambacho hakijathibitishwa kuwa na ndugu, na Kiisanzu na Kinyiramba, vya jamii ya Kibantu, kwa upande wa kusini-magharibi. Watu hao wanapokutana sokoni, shuleni au hospitalini, Kiswahili ndicho kiwaunganishacho.

Sababu ya kuchagua kipimo hiki ni hii. Mkazi wa Dar es Salaam hulisaidia neno kwa macho yake. Kitu akiona kila siku, jina lo lote latosha, hata likiwa ni herufi tatu tupu. Aliye mbali hana msaada huo. Kwake neno halina budi kujieleza lenyewe, kujitenga na maneno ya jirani yake, na kukubali sarufi ya lugha pasipo kumkwaza. Neno lishindwalo katika mambo hayo matatu halijawa sanifu, hata kama limeandikwa katika kila gazeti.

MANENO YA KWANZA YA RELI

Kabla ya kuyahukumu majina mapya yafaa kutazama jinsi yale ya zamani yalivyopatikana. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ile ya Dar es Salaam ilianza 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Lugha ya wajenzi iliacha alama chache sana katika Kiswahili. Neno shule lilitoka kwao na likabaki. Lakini neno lao la kuitia stesheni halikuota mizizi, na lililopo sasa lilitoka kwa Waingereza waliowafuata.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni yale maneno ambayo hayakuazimwa kwa mjenzi ye yote. Behewa lilikuwa jina la ua au ukumbi wa ndani katika nyumba ya mawe ya pwani kabla ya kuwa chumba cha treni. Taruma ni ubao uimarishao chombo cha baharini kwa ndani. Mataruma yakahamia nchi kavu, yakawa magogo yalaliwayo na reli. Nauli, shehena na abiria ni maneno ya bandarini. Kwa ufupi, msemaji wa pwani aliitazama treni akaona ndani yake nyumba na chombo, akaipa majina ya vitu hivyo.

Wahakiki wengi wangesema kwamba hiyo ndiyo njia bora ya kuunda istilahi: kutoka kijulikanacho kwenda kisichojulikana. Kauli hiyo ni kweli, lakini ni kweli ya mahali. Kilichojulikana Bagamoyo hakikujulikana chini ya Mlima Hanang. Kwa mtu aliyekulia kando ya Ziwa Balangida, ambalo maji yake ni ya chumvi na hupungua sana wakati wa kiangazi, jahazi ni kitu cha mbali sawasawa na treni. Neno taruma halimfungulii mlango wo wote. Hata hivyo neno nauli alilipokea bila shida, kwa kuwa hulilipa kila apandapo basi la kwenda Babati au Singida. Kwa hiyo faida ya maneno ya kale haikutoka katika asili yake ya bahari, bali katika kutumika kwake sehemu nyingi: neno moja likashika chombo, basi na treni pamoja, na aliyelijua katika kimoja akalielewa katika vingine. Somo hilo litahitajiwa tena mbele.

STENDI, KITUO, STESHENI

Maneno matatu hushindania mahali pa kupandia na kushukia. Stendi ni ya mabasi, na kila mtu wa Mbulu mjini au Katesh aijua. Kituo latokana na kitenzi tua, yaani kuweka mzigo chini au kushuka kutoka juu. Ni neno la kale, lililofaa misafara ya wapagazi, na yapasa kukumbukwa kwamba reli ya kati kwa sehemu kubwa iliiandama njia ya misafara hiyo iliyopita Tabora na kufika Ujiji. Kwa sababu lina kitenzi chake, kituo lajieleza: ni mahali pa kutua. Lakini kwa sababu hiyo hiyo limekuwa pana mno. Kuna kituo cha polisi, kituo cha afya, kituo cha kupigia kura, na kituo cha daladala kisicho na kitu ila nguzo moja kando ya barabara.

Stesheni lina sifa zilizo kinyume cha hizo. Halijielezi, maana halina kitenzi wala ndugu katika lugha, lakini latenga. Asemaye stesheni, katika Tanzania ya leo, husema habari za reli tu. Wapo wapendao kuliondoa kwa kuwa ni la kuazima, waweke kituo cha treni mahali pake. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kituo lisingekuwa na kazi nyingi. Kwa hali ilivyo, kuondoa stesheni ni kuondoa tofauti, na tofauti hiyo ina faida ya wazi.

Mfano mmoja watosha. Mwaka 2021 kilifunguliwa huko Mbezi Luis, pembezoni mwa Dar es Salaam, kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilichopewa jina la Rais Magufuli. Mwaka 2024 stesheni ya reli ya umeme, iliyoko katikati ya mji, nayo ikapewa jina hilo hilo. Msafiri atokaye Katesh kwa basi hushuka stendi ya Magufuli. Yule aliyepanda basi hadi Dodoma, kisha akapanda treni, hushuka stesheni ya Magufuli. Kati ya mahali hapo pawili ni safari ya zaidi ya saa moja barabara zikisongamana. Ndugu aliyekwenda kumpokea mgonjwa atakwenda wapi? Jina la mtu halimsaidii. Kilichobaki kumwongoza ni nomino ya kwanza tu. Akiambiwa "kituo cha Magufuli" hana namna ya kujua. Hapa neno la kuazima lafanya kazi ambayo neno la asili haliwezi kuifanya, na mhakiki hana budi kulitetea.

Hata hivyo stesheni lina jambo moja la kisarufi ambalo aghalabu halitajwi. Lina mwisho wa -ni, na kwa hiyo lafanana na majina ya mahali kama sokoni na shuleni. Hakuna asemaye "steshenini". Husemwa "nipo stesheni", na sikio laridhika kana kwamba kiambishi kimekwisha kuwekwa. Yaelekea kufanana huko kulisaidia neno hili kugeuka jina la mtaa: katika Dar es Salaam, Stesheni husimama pamoja na Gerezani na Kivukoni pasipo kuonekana geni. Lakini mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiiraqw, lugha igawayo majina yake kwa jinsi na si kwa ngeli, hujifunza -ni kama kanuni, na kanuni humpeleka mahali pasipo neno. Hutafuta shina, wala hakuna shina. Hujiuliza kama ni "stesheni imejaa" au "stesheni pamejaa", na yote mawili husikika, la kwanza kwa jengo na la pili kwa mahali. Neno treni nalo lina mwisho huo huo bila kuwa la mahali. Hili si kosa la kuliangusha neno, bali ni jambo lililostahili kuelezwa katika vitabu vya kufundishia badala ya kuachiwa bahati.

MOSHI ULIOKWISHA

Jina la chombo chenyewe limezusha mabishano ya miaka mingi. Gari la moshi, au garimoshi, lilikuwa jina zuri wakati wa makaa na mvuke: lajieleza, na lafuata upatanisho wa kawaida, "gari la moshi limefika". Katika Kenya lingali na nguvu magazetini. Katika Tanzania treni limelishinda katika maneno ya kila siku. Wanaolikataa garimoshi husema kwamba injini za dizeli zilipunguza moshi, na treni ya umeme haina moshi kabisa. Kwa hiyo jina ni la uongo.

Hoja hiyo haina uzito. Majina hayaapi kiapo cha kusema kweli milele. Meli lilitokana na neno la Kiingereza la barua za posta, kwa kuwa vyombo vya mvuke ndivyo vilivyozichukua. Leo meli ibebayo saruji pasipo barua hata moja ni meli vile vile. Marekani ni jina la kitambaa pia, hata kikifumwa nchi nyingine. Kama garimoshi lingekuwa hai katika vinywa vya watu, umeme usingeliua. Lililolishinda ni urefu wake, na kwamba treni huingia kwa wepesi katika maneno mengine: treni ya mizigo, treni ya mjini, kichwa cha treni. Hukumu ya matumizi imekwisha kutolewa, na hakuna haja ya kuitafutia sababu katika moshi.

Jambo zito zaidi ni zile herufi tatu, SGR. Zilienea Kenya tangu reli ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017, kisha Tanzania, ambako abiria walianza kusafiri hadi Morogoro mwezi Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi Julai mwaka huo. Watu husema "nimepanda SGR", na wengine husema "reli ya SGR", ambapo neno reli latajwa mara mbili, mara moja kwa Kiswahili na mara moja ndani ya herufi, bila msemaji kujua. Mwanafunzi wa Hanang aulizapo herufi hizo zina maana gani, hujibiwa kwa lugha nyingine. Kwake si istilahi bali ni muhuri.

Badala yake husemwa pia "reli ya kisasa". Neno hilo lina kasoro iliyo wazi: kila kitu ni cha kisasa siku kilipofunguliwa. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ilikuwa ya kisasa kuliko zote nchini wakati wake. Jina la namna hiyo huzeeka kwa haraka kuliko chuma.

Herufi hizo kwa kweli hazisemi upya wala kasi, zataja upana. Umbali kati ya chuma na chuma katika reli hii ni milimita 1,435, kipimo kilichokubaliwa katika nchi nyingi za dunia. Reli ya zamani ina milimita 1,000, na ile ya TAZARA 1,067. Dar es Salaam basi ni mji wa vipimo vitatu, na hiyo ndiyo sababu moja kubwa ya kuwa na stesheni mbalimbali: behewa la njia moja haliwezi kupita juu ya njia nyingine. Wengine wamependa kusema "reli pana", lakini India ina reli pana kuliko hii, na jina hilo lingepotosha.

Neno lifaalo lilikuwapo tayari, nalo ni sanifu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa maandishi, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, kilichotafutwa ni kipimo kimoja cha kuwezesha kitabu kilichochapwa mahali pamoja kusomwa mahali pengine. Ndiyo maana pakasemwa Kiswahili sanifu. Reli yenye kipimo kilichokubaliwa na wengi, ili behewa la nchi moja lipite katika nchi nyingine, ni reli sanifu kwa maana ile ile kabisa. Jina hilo lajieleza kwa mwanafunzi ambaye amelisikia neno sanifu tangu darasa lake la kwanza la lugha, na halitazeeka. Ni ajabu kwamba nchi iliyofanya kazi kubwa hivyo ya kusanifu lugha haikulitumia neno lake yenyewe ilipoisanifu reli.

YA MJINI NA YA CHINI YA ARDHI

Treni za abiria wa mjini zilipoanza mwezi Oktoba 2012, moja kati ya Stesheni na Ubungo, nyingine katika njia ya TAZARA hadi Mwakanga, watu waliziita "treni ya Mwakyembe", kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Jina la heshima kama hilo lina uhai wa waziri. Kwa upande wa mabasi mambo yalikwenda vingine. Mwendokasi, ambalo katika vitabu vya fizikia na katika maonyo ya barabarani ni kiasi cha wepesi wa mwendo, likawa jina la basi lenyewe. Na sarufi ikashuhudia mageuzi hayo: wasemaji hawasemi "mwendokasi umejaa", wasema "mwendokasi imejaa" na "mwendokasi zimejaa". Neno limetoka katika ngeli yake ya kale likaingia katika ile ya vyombo. Hakuna ofisi iliyoamuru hivyo, na hakuna kosa hapo. Ni alama kwamba neno limekuwa nomino mpya kamili.

Kwa treni hizi, "treni ya mjini" ndilo jina lifaalo. Lina ubaya mdogo, kwamba treni hiyo hufika hadi nje ya mji. Lakini latosha kuitenga na ile ya kwenda Kigoma au Mwanza, na hata asiyeiona huielewa.

Treni ya chini ya ardhi ina taabu zaidi. Ya kwanza duniani ilianza London mwaka 1863, nayo ilivutwa kwa mvuke, hata jina la garimoshi lingeifaa kwa uchungu wa macho ya abiria wake. Katika Afrika ya kwanza ilikuwa ile ya Cairo, mwaka 1987. Johannesburg ilipata njia yake ya haraka, ambayo sehemu yake ni ya chini ya ardhi, kuanzia mwaka 2010, na stesheni ya Park katikati ya mji huo ikawa mahali ambapo njia hiyo na treni za zamani za vitongojini hukaa pamoja.

Wafasiri wamejaribu njia mbili. Wengine wamesema "treni ya chini kwa chini", na hilo yapasa kukataliwa mara moja, maana chini kwa chini ni kwa siri, na treni si njama. Wengine wamesema "treni ya chini ya ardhi", na hilo lina kasoro kwamba lataja mahali na si aina: zaidi ya nusu ya njia za London zapita juu ya ardhi, na abiria asimamaye juani akingoja "treni ya chini ya ardhi" ana haki ya kushangaa.

Lakini kwa kipimo cha Mbulu jina hili la pili laonekana jema kuliko linavyoonekana kwa mfasiri wa mjini. Katika vilima vya Irqwa Da'aw, nyumba za kale za Wairaqw zilichimbwa ubavuni mwa kilima, paa likafunikwa udongo, hata adui apitaye juu asijue kwamba chini yake mna watu na ng'ombe. Mwalimu wa Kainam ana mfano tayari. Wanafunzi wake huenda wasijue treni, lakini maisha ya chini ya ardhi si hadithi ngeni kwao. Jina lieleweke basi kuwa ni maelezo. Na penye njia yenye jina lake la pekee, kama zilivyo nyingi, jina hilo ndilo liandikwe ukutani.

MAKUTANO AU KUUNGANISHA

Lililobaki ndilo lililoanzisha makala haya: jina la stesheni ambamo njia za aina mbili hukutana. Neno makutano lapendwa na wengi, na lina sifa ya kuwa la asili. Mahali pengi Tanzania na Kenya paitwa Makutano kwa sababu ya njia panda. Lakini makutano ni neno la atazamaye ramani. Husema jambo lifanywalo na njia. Kule Tabora, ambapo njia ya Mwanza hujitenga na ile ya Kigoma, reli hukutana kweli, na jina lafaa.

Katika stesheni inayozungumzwa hapa reli hazikutani. Kidatu ni ushahidi: njia ya TAZARA na tawi la reli ya zamani vyafika hapo, lakini kwa kuwa vipimo ni tofauti, mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Nairobi ni ushahidi mwingine: abiria atokaye Mombasa kwa reli sanifu hushuka Syokimau, nje ya mji, kisha hupanda treni ya mjini iendayo katika reli ya zamani ili afike katikati. Chuma hakikugusana na chuma. Aliyeziunganisha njia mbili ni abiria kwa miguu yake.

Na lugha ya abiria ina neno la jambo hilo. Msafiri wa Tanzania aulizwapo kama basi lake lafika mwisho wa safari, hujibu kwamba "anaunganisha". Mtu wa Haydom huunganisha Mbulu au Babati. Mtu wa Katesh aendaye Dar es Salaam kwa treni huunganisha Dodoma, akiifuata barabara ya lami ya Babati na Kondoa. Neno hili halikutoka katika kamati wala katika tafsiri. Lina kitenzi chake, lina mnyumbuliko wake, na, kama nauli, latumika kwa vyombo vyote. Kutokana nalo hupatikana bila nguvu "stesheni ya kuunganishia", na pale ambapo chombo kimoja ni basi, "kituo cha kuunganishia". Jina hili lasema kile ambacho abiria atakifanya, nacho ndicho alichokuja kukijua.

Litapingwa kuwa ni refu. Ni refu kweli kuliko makutano, lakini si refu kuliko sentensi zitumikazo sasa. Litapingwa pia kwamba majina hayatungwi na wataalamu, na kwamba mwendokasi ulijitungia wenyewe. Pingamizi hilo lasahau kwamba neno mwendokasi lilikuwamo tayari vitabuni na barabarani; watu walilichukua lililokuwapo. Kazi ya Baraza la Kiswahili, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, na ya wachunguzi wa vyuo vikuu si kutunga kila jina, bali ni kutazama yaliyomo vinywani, kuchagua lililo bora, na kuhakikisha kwamba hilo ndilo liandikwalo kwenye tiketi, mabango na vitabu vya shule. Pale kazi hiyo ilipoachwa, nafasi ilijazwa na herufi: TRC, SGR, DART. Hata TAZARA, ambayo ilipewa pia jina zuri la Reli ya Uhuru, kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam imekuwa jina la njia panda yenye daraja.

Hukumu basi ni hizi. Stesheni libaki, na liwe la reli peke yake. Kituo libaki pana kama lilivyo. Reli sanifu liwekwe mahali pa SGR katika maandishi ya Kiswahili. Treni ya mjini lishikwe. Treni ya chini ya ardhi likubaliwe kama maelezo. Chini kwa chini liachwe. Makutano liwe la reli zigusanazo, na mahali abiria abadilishapo chombo paitwe pa kuunganishia.

Stesheni kubwa ya Dar es Salaam ilijengwa kwa kufuata umbo la tanzanaiti, jiwe lichimbwalo Mirerani katika mkoa ule ule wa Manyara na lisilopatikana mahali pengine duniani. Mkoa huo umetoa sura ya jengo. Watu wake waendao humo wakiwa na mgonjwa, mizigo na Kiswahili walichokipata shuleni, wastahili kukuta mlangoni maneno ambayo Kiswahili hicho chaweza kuyasoma.